Unaposubiri msamaha wa deni

Leo asubuhi kuna ndugu zetu watakaoketi kanisani simu zao zikiwa zimezimwa kabisa, na si kwa heshima ya ibada. Wamezizima kwa sababu anayewapigia hajali kama ni Jumapili. Anataka pesa zake. Wataimba, watatoa kile kidogo walicho nacho, watasalimiana na watu mlangoni wakitabasamu, kisha watawasha simu wakiwa njiani kurudi nyumbani na kukuta jumbe kumi na mbili.

Miongoni mwao kuna kikundi kidogo ambacho sijasikia kikizungumziwa mimbarani. Ni wale ambao tayari wamefanya lile jambo gumu zaidi: wamekubali kwamba hawawezi kulipa, wameacha kukopa hapa ili kuziba pale, wamefuata sheria kuomba wapunguziwe mzigo au waondolewe, na sasa wanasubiri. Wamejaza fomu. Wameapa hati ya kiapo. Wameambiwa warudi baada ya wiki mbili, na wiki mbili zimegeuka miezi minne.

Wengi wetu hata hatujui kwamba mlango huo upo. Tunajua madalali, tunajua CRB, tunajua kutoroka mtaa usiku. Lakini tangu 2015 Kenya ina Sheria ya Ufilisi ambayo haikuandikiwa kampuni kubwa peke yake. Mtu wa kawaida anaweza kuomba apangiwe malipo ya kidogo kidogo kulingana na mapato yake, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka mitatu. Anaweza kuketi na wadai wake chini ya msimamizi na kukubaliana nao. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, anaweza kuingizwa katika utaratibu wa watu wasio na mali. Miezi 12 ikiisha bila hila, madeni yaliyoingizwa humo yanafutwa. Nafasi hiyo hutolewa mara moja tu maishani. Na kuna kutangazwa muflisi, neno linalotisha wengi, ingawa hali hiyo nayo ina mwisho; kwa kawaida ni miaka mitatu tangu mtu awasilishe taarifa kamili ya mali na madeni yake.

Shida iko kwenye kizingiti. Katika ule utaratibu wa watu wasio na mali, ulinzi dhidi ya wadai huanza ombi likishakubaliwa. Hauanzi siku unapolipeleka. Kati ya siku hizo mbili mtu yuko uwanjani bila mwavuli. Amekwisha kutangaza kwamba hana kitu, lakini hakuna aliyemwambia mdai anyamaze.

Namfahamu mama mmoja aliyekuwa na duka la nafaka. Deni lake lilianza na bili ya hospitali ya mumewe, likaja la Sacco, likaja la chama, kisha yale ya simu ambayo mtu huchukua saa tano usiku akidhani atalipa asubuhi. Alipoamua kuomba afueni kisheria alitakiwa kuorodhesha kila anayemdai na kiasi anachodaiwa. Mkopeshaji mmoja alichukua majuma mengi kumpa taarifa ya deni. Ilipofika, riba ilikuwa imepanda, jumla aliyoiapia haikulingana tena na karatasi, ikabidi aanze upya: nauli, kupiga chapa, kiapo, foleni. Aliniambia kwamba ukubwa wa deni ameshauzoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Asichoweza kukizoea ni kutojua siku. Angeambiwa ni Desemba, angehesabu hadi Desemba. Angeambiwa ni mwaka kesho, angejikaza. Lakini kila akiuliza anajibiwa kwamba faili inashughulikiwa.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 15, ambayo nimeihubiri mara nyingi, nikaona jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Kila mwaka wa saba, Waisraeli waliamriwa kuachilia madeni ya ndugu zao. Tunapoisoma sura hiyo tunasifu ukarimu wake, na ni haki kuusifu. Lakini tazama utaratibu wenyewe. Hapakuwa na fomu. Hapakuwa na ofisi ya kuomba. Mdaiwa hakuhitaji kuthibitisha kwamba amedhalilika vya kutosha. Tarehe ilijulikana na watu wote, tajiri na maskini, na ilijulikana kiasi kwamba katika aya ya tisa Mungu anawaonya wenye mali wasimnyime maskini mkopo kwa kuona kwamba mwaka wa saba umekaribia. Ndivyo na yubile ya Walawi 25: tarumbeta ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho, na nchi nzima ikasikia. Mtu aliyeuza shamba la baba yake aliweza kuhesabu kwa vidole miaka iliyobaki. Sheria ya Musa haikumwondolea mdaiwa kusubiri, maana miaka sita si michache. Ilimwondolea kusubiri gizani.

Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba amechoka kusubiri majibu, usikimbilie kudhani imani yake ni haba. Kitabu cha Mithali, sura ya 13, kinasema waziwazi kwamba tumaini linalokawishwa huugua moyo wa mtu. Hiyo ni Biblia ikieleza ugonjwa, wala haimkemei mgonjwa.

Na hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya watumishi wenzangu wasilipende. Tumekuwa wepesi mno kuwaambia wenye madeni kwamba subira huvuta heri. Methali ni nzuri, lakini inategemea ni nani anaitamka. Mwenye mshahara wa kila mwezi anapomwambia mwenye madeni avumilie, anamtwika subira ambayo yeye mwenyewe haibebi. Msomeni Nehemia, sura ya tano. Watu waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu walikuja kulia. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi. Watoto wao walikuwa wanapelekwa utumwani. Nehemia alikasirika sana, akatafakari moyoni, akawakemea wakuu na maofisa, akaitisha mkutano. Hakuwaambia wanaolia wasubiri ukuta uishe kwanza, ingawa angeweza kupata sababu nzuri za kusema hivyo. Maadui walikuwa kila upande na kazi ilikuwa na haraka. Aliwataka wakopeshaji warudishe mashamba na nyumba siku iyo hiyo, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Waliposema sawa, hakuridhika na neno. Aliwaita makuhani, akawaapisha, kisha akakung'uta vazi lake mbele yao.

Alijua wakuu wake. Alijua kwamba ahadi ya kuachilia inaweza kupoa kama uji. Yeremia 34 inasimulia jinsi ilivyopoa katika siku za mfalme Sedekia: Yerusalemu ilipozingirwa na Wababeli, wenye mali walifanya agano na kuwaachilia watumwa wao Waebrania; jeshi lilipoondoka kwa muda, wakawarudisha utumwani. Mungu hakuliita jambo hilo ucheleweshaji wa kawaida. Alisema wamelinajisi jina lake.

Kwa hiyo kuna kuchelewa kwa namna mbili, na Biblia haizichanganyi. Kuna muda anaoombwa mdai ili mdaiwa apumue. Huo ni rehema. Katika Mathayo 18 wadaiwa wote wawili, mwenye talanta elfu kumi na mwenye dinari mia, waliomba kitu kimoja: muda. Wa kwanza alipewa kuliko alivyoomba. Wa pili alinyimwa hata muda, akatupwa gerezani na mtu aliyetoka kusamehewa. Halafu kuna ule muda anaocheleweshewa mdaiwa aliye na haki ya kujibiwa, huku riba ikipanda na wapigaji simu wakizidi. Huo hatuna ruhusa ya kuuita mapenzi ya Mungu. Ni kazi iliyokwama kwenye meza ya mtu.

(Wanaosubiri si watu binafsi tu. Zambia iliomba madeni yake yapangwe upya mwanzoni mwa 2021, ikafikia makubaliano na nchi zinazoidai Juni 2023. Ikiwa taifa lenye mawaziri na mawakili lilisubiri zaidi ya miaka miwili, tusimcheke mama wa duka la nafaka.)

Sasa, wewe unayesubiri utafanya nini? Bwana Yesu katika Luka 18 alitoa mfano wa mjane na kadhi dhalimu, na Luka anatuambia sababu ya mfano ule: watu waombe siku zote wala wasikate tamaa. Huyo mjane ndiye mwalimu wako. Alisubiri, lakini alisubiri akitembea. Alirudi tena na tena, kwa adabu au bila adabu hatuambiwi, hadi kadhi akaona heri amalize kesi yake kuliko kuchoshwa. Kwa hiyo rudi. Ukienda, uliza jina la anayeshughulikia faili yako, uliza ni karatasi gani imepungua, andika tarehe na jibu kwenye daftari, na uweke nakala ya kila kitu. Daftari la namna hiyo halipunguzi imani. Ni sawa na mjane kukumbuka njia ya kwenda mahakamani.

Jihadhari na vishawishi vitatu ambavyo huja hasa wakati wa kungoja. Cha kwanza ni kukopa tena ili uvuke mwezi. Mkopo mpya unaharibu hesabu uliyoiapia, na sheria inamtaka aliye katika utaratibu huo amweleze anayemkopesha hali yake. Cha pili ni kumlipa mmoja kwa siri, labda kwa kuwa ni jirani au ana kelele nyingi, huku wengine ukiwaambia huna. Cha tatu, na hiki kimewaponza wengi, ni kuficha. Ile ploti inaandikishwa kwa jina la shemeji. Ile pikipiki inalala kwa binamu. Tunamkumbuka Anania wa Matendo 5 kama mtu aliyemdanganya Mungu kuhusu sadaka, lakini kosa lake lilikuwa hili hili: alitoa hesabu ya mali iliyopunguzwa kwa uso mkavu. Katika sheria yetu anayeficha mali ili kuwadhulumu wadai hakubaliwi katika utaratibu wa wasio na mali, na akigunduliwa baadaye huondolewa. Elisha alipojiwa na yule mjane ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili, alimwuliza ana nini nyumbani. Naye alisema kweli: hana kitu ila chupa ya mafuta. Hakuificha.

Na hao wanaopiga simu? Mrudi Kumbukumbu la Torati 24. Anayekopesha hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Alitakiwa asimame nje, mdaiwa amletee mwenyewe. Deni halikufutwa kwa amri hiyo, lakini heshima ya nyumba ililindwa. Siku hizi nyumba ya mtu ni simu yake. Humo mna namba ya mama mkwe, ya mwalimu wa mtoto, ya mchungaji. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kutumia vitisho na matusi kudai, na zinakataza kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya namba ili kukuaibisha. Anayefanyiwa hivyo anaweza kulalamika Benki Kuu, na pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tena, kwa mkopo wa benki, sheria imeweka ukomo: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo wenyewe kilichokuwa kimebaki. Mtu anayesubiri akijua hayo hulala usingizi tofauti kidogo.

Limebaki jambo zito kuliko yote, na ndilo linalonifanya niandike leo. Wadhamini.

Msamaha wa kisheria humwondolea mzigo aliyeomba. Haumwondolei aliyemdhamini. Mikopo yetu ya Sacco imesimama juu ya wadhamini, na wadhamini hao, tuseme ukweli, tumewapata wapi? Kwaya. Kikundi cha akina mama. Ushirika wa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo mama wa duka la nafaka anaposubiri kufutiwa, viti vitatu mbele yake ameketi mzee ambaye akiba yake ya miaka tisa ndiyo itakayokatwa. Yeye naye anasubiri, na hakuna sura ya sheria inayomtaja kwa huruma. Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukifa hivyo, watu wakihamia kanisa lingine kwa kisingizio cha umbali. Ukiniuliza nani ana haki hapo, nitakuambia wote wawili. Mama ana haki ya kuomba afueni, kwa kuwa asiyekuwa nacho hana cha kulipa hata ukimfunga. Mzee ana haki ya kuumia, kwa kuwa hakula hata shilingi ya mkopo ule. Mithali ilituonya zamani juu ya kuwa mdhamini wa mtu, nasi tukatia sahihi kwa sababu ni vigumu kumkatalia dada anayeongoza sifa.

Ninachoomba ni kwamba mdhamini asije akajua habari hiyo kupitia makato. Kipindi cha kusubiri, pamoja na uchungu wake wote, kina faida hii moja: kuna muda wa kwenda kuketi na mdhamini kabla uamuzi haujatoka. Mwombaji aende mwenyewe, na mzee wa kanisa aende naye. Aseme ameomba nini, ameomba lini, na itamgusaje mwenzake. Pengine mdhamini ataomba Sacco imtawanyie makato kwa miaka mingi badala ya kumaliza akiba mara moja. Pengine mwombaji, ingawa sheria haitamlazimisha tena, ataahidi kumrudishia mzee kidogo kidogo atakapoinuka. Zakayo hakungoja mahakama impangie kiwango. Lakini ahadi hiyo itoke moyoni mwake. Tusimshurutishe mbele ya kamati, maana hapo tutakuwa tumemtwika tena kwa mkono wa kushoto kile alichotuliwa kwa mkono wa kulia.

Kanisa nalo lina kazi. Kwanza liache kumwambia mwenye madeni apande mbegu ya shilingi elfu tano ili deni lifutike. Mtu huyo fedha alizo nazo si zake, ni za wadai, na Elisha hakumdai mjane hata kijiko cha mafuta. Alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Pili, tazameni kile ambacho majirani walitoa katika habari ile. Hawakutoa fedha. Walitoa vyombo vitupu, na mlango ukafungwa ili mama afanye shughuli yake bila macho ya watu. Kanisa lenye walimu wastaafu, makarani na wanafunzi wa sheria lina vyombo vitupu vingi mno. Kupiga nakala, kusoma barua iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu, kujumlisha madeni kumi na moja bila kuruka moja, kumsindikiza mtu hadi dirishani asirudi na jibu nusu, na kufunga mdomo baadaye. Kwetu tumeanza na Jumatano jioni, saa kumi na moja, chumba cha nyuma cha shule ya Jumapili, walimu wawili wastaafu na karani mmoja. Hatuandiki majina kwenye ubao. Mwenye karatasi aje nazo zote, hata zile ambazo hajazifungua.